Vita vya Mama Mwenye Nyumba

Akigomba tulikuwa salama. Akinyamaza ndipo tulipoanza kuangaliana.

Nilikaa kwenye nyumba yake pale Chang'ombe miaka mingi, tangu wizara yetu ilipohamia Dodoma na sisi makarani tukaja na magodoro yetu juu ya lori, mpaka nilipopata pangu. Miaka yote hiyo sikumwita kwa jina hata siku moja. Kila mtu alimwita Mama Mwenye Nyumba. Yeye naye alituita kwa kazi zetu: mimi nilikuwa Wizara, na dada wa chumba cha pili alikuwa Muuguzi. Issa peke yake ndiye aliyeitwa kwa jina lake, kwa sababu hakuwa na kazi. Alikuwa amemaliza chuo cha ualimu, katoka kwao Chemba, anasubiri ajira ya serikali itoke. Huku akisubiri alifundisha watoto wa majirani tuisheni kwenye kibaraza.

Mama Mwenye Nyumba alikuwa mjane, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba ndoo maisha yake yote. Miwani yake ya kusomea ilining'inia kifuani kwa uzi wa viatu. Alifagia ua mwenyewe kila asubuhi, hata siku zile upepo unaporudisha vumbi lote kabla hajamaliza. Maji ya mgao yakija ndiye aliyepanga nani akinge lini, na hakuna aliyethubutu kuruka zamu. Jumapili aliimba kwaya sauti ya pili. Na kuanzia saa anapoweka sufuria ya mchana jikoni mpaka ugali unapoiva, alikuwa jemadari.

Sitanii. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja aliyepanga pale kabla yangu. Alipokwenda mafunzo ya vitendo huko mikoani alimwachia Mama simu yake ya zamani na kumwomba amlimie shamba lake la kwenye gemu, adui wasije wakalichoma. Mwanafunzi yule hakurudi tena. Mama akaendelea kulima. Akajifunza kujenga ukuta, akajifunza kufundisha askari. Nilipohamia mimi, alikuwa tayari anaongoza watu ambao hajawahi kuwaona, wengine wa Mwanza na Mbeya, wengine wa nchi ambazo aliniuliza ziko upande gani.

Gemu lenyewe lilikuwa la bure. Unalipakua, unapewa kijiji chenye ghala na ukuta mfupi, unalima, unachimba mawe. Shida ni kwamba hauko peke yako. Maelfu ya watu wamepewa vijiji kwenye ramani hiyohiyo, na gemu halisimami ukisinzia. Uko ibadani unasali, mtu wa bara lingine anavunja ukuta wako na kubeba mahindi yako yote. Anayetaka ngome upesi ananunua. Asiyenunua anasubiri, na akitaka kubaki hai anatafuta wenzake.

Mama hakununua kitu kamwe. Muungano wake aliuita Wabure. Adui wetu mkubwa alikuwa mtu tusiyemjua ambaye kila wiki ukuta wake ulipanda kama umemwagiwa mbolea. Sisi tulimwita Tajiri.

"Tajiri anaona askari wake wote ni sawa," Mama aliwahi kuniambia akichambua mlenda. "Wakifa ananunua wengine. Mimi wangu nimewalea. Ndiyo maana nawajua wanakosimama."

Akishindwa hakutaka visingizio. Kama mmoja wetu ghala lake lilichomwa, akaja analalamika kwamba adui walikuwa wengi, Mama alimwangalia juu ya miwani. "Usiniambie walikuwa wengi. Niambie wewe ulikuwa wapi."

Na sisi wapangaji tulikuwamo, kwa sababu hapakuwa na namna ya kuishi kwenye ua ule bila kuwamo. Muuguzi alitunza chakula cha jeshi. Mimi niliandika ujumbe kwa wageni kwa Kiingereza changu cha ofisini. Issa alikuwa mpelelezi, hodari kweli, anatuma farasi wake mbali na kurudi na habari. Tulikuwa tunakaa kwenye vigoda jikoni, kila mtu na simu yake, mlenda unachemka, na mtu angepita barabarani angedhani ni familia.

Jambo moja lilinisumbua. Mtu yule ambaye alimrudishia muuza nyanya chenji iliyozidi, alikuwa mwongo kwenye vita. Siku moja alinipa ujumbe nimwandikie Tajiri kwamba majeshi yetu yamekwisha, tunaomba amani. Majeshi yalikuwa yamejaa nyuma ya mlima.

"Mama, si uongo huu?"

"Uongo unamwambia mtu anayekuamini," alinijibu. "Huyu haniamini. Nampa kazi tu ya kufikiri."

Kisha akaanza kunyamaza.

Ilikuwa kiangazi, ua umekauka, kila mtu midomo imepasuka. Tulikuwa tunajiandaa kuichukua ngome ya katikati ya ramani, ile ambayo Tajiri aliikalia tangu mwanzo. Mara ya kwanza tulipokwenda tulimkuta anatusubiri. Mara ya pili vilevile. Mama akadhani mtu wa mbali anavujisha, kwa hiyo akaacha kuandika mipango. Akawa anatuambia kwa mdomo, jikoni, sisi tu. Mara ya tatu tukakuta majeshi ya Tajiri yamejipanga palepale alipopataja kwa mdomo wake.

Siwezi kueleza vizuri jinsi ua unavyobadilika baada ya jambo kama hilo. Muuguzi alianza kupikia chumbani. Issa alisema anaumwa kichwa, akawa hatoki. Mimi nilijikuta nikificha simu yangu mtu akipita, halafu nikiona aibu kwa nini nimeificha. Mama hakumuuliza mtu. Alifagia, alipika, alipanga zamu za maji. Ila alipokuwa akinipa ndoo yangu alikuwa ananitazama mikononi, kana kwamba mikono yangu ndiyo itakayosema.

Wiki hiyo alinikuta bombani peke yangu. "Jumamosi tunapiga penye mto," akasema bila kuacha kukinga. "Usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Sikulala vizuri pia. Baadaye ndipo nilipojua kwamba Muuguzi aliambiwa mlimani, na Issa akaambiwa darajani.

Jumamosi mchana nilikuwa nafua. Mama alikuwa anaosha vyombo, simu ameiegemeza kwenye beseni. Niliona akivaa miwani kwa mkono wenye povu. Nikasogea. Kwenye ramani, mtoni hapakuwa na mtu. Mlimani palikuwa patupu. Darajani bendera za Tajiri zilisongamana mpaka daraja lenyewe halionekani.

Mama alivua miwani. Akasuuza sahani aliyokuwa ameishika, akaifuta, akaiweka kabatini. Kisha akaenda kugonga mlango wa Issa.

Niliacha kufua. Nilidhani sasa mabegi yanatupwa nje. Mlango ukafunguka, Issa akatoka amejifunga blanketi jua likiwaka, macho mekundu, meno yanagongana. Kumbe kichwa alichokuwa anakisema kilikuwa cha kweli. Mama alimwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Umekula tangu lini?"

"Sijui, mama."

"Wizara! Kaniitie bajaji."

Alimpeleka hospitali mwenyewe, amemshika kama mtoto. Kesho yake nilipotoka kanisani nilikwenda na chupa ya chai. Nilimkuta Issa amelala chali, dripu mkononi. Mama amekaa kwenye kiti pembeni ya kitanda, mkono mmoja umeshika ule mkono wa Issa wenye sindano ili usicheze. Mkono mwingine una simu. Nilisimama nyuma yake nikaona kwenye kioo mji unaungua. Niliutambua kwa bendera. Ulikuwa mji wa Issa.

Simu ya Issa ilikuwa juu ya meza ndogo, inatetemeka, inatulia, inatetemeka tena. Yeye aliitazama, halafu akamtazama Mama.

"Mama," akasema polepole, "ni mimi huyo?"

"Ndiyo."

"Umejua."

"Nimejua. Nyoosha mkono, dripu itatoka."

Aliunyoosha. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni kwa vile alivyolala. Alisema Tajiri alimpa majeshi, ngome ya mawe na farasi ambao sisi hatujawahi kuwaona. Alisema amechoka. Tangu amalize chuo kila kitu anasubiri, kila mtu anamwambia avumilie, na hata kwenye gemu la bure ni kusubiri. "Nilichoka kuwa mdogo, mama."

Mama alirudisha macho kwenye simu. Kidole chake gumba kiliendelea kufanya kazi. Alichoma ghala, akachoma mazizi, akachoma mnara wa upelelezi, na hakumwachia hata banda la kuku. Alipomaliza aliweka simu chini, akafungua chupa ya chai niliyoleta, akaipuliza ipoe, akamnyanyua Issa kichwa ili anywe.

Muuguzi aliposikia alitaka Issa aondoke. Mimi pia, nisiseme uongo. Tulimwendea Mama tukamwambia mtu wa namna ile hakai na watu.

"Kule nimemaliza naye," akatujibu. "Hapa amenikosea nini? Amevunja dirisha? Amemtukana mtu?"

Alisema amemaliza, lakini hakuwa amemaliza. Issa aliporudi, Mama alimtajia zamu yake ya maji kama kawaida na alimwekea ugali wake mpaka alipopata nguvu. Ila hakula naye tena. Issa akija jikoni, Mama alikumbuka kitu cha kufanya ndani. Shikamoo yake aliiitikia akiwa ameshampa mgongo. Kwa miezi tuliishi hivyo, watu wanne kwenye ua mdogo, tukipishana kama wageni kwenye stendi, na Issa akizidi kukonda ingawa homa ilikuwa imeisha.

Ndipo shemeji wa Mama alipokuja kutoka Kibakwe.

Alikuwa mdogo wa marehemu mume wake, mzee mrefu mwenye koti hata wakati wa joto. Alituamkia kwa Kigogo "Mbukwenyi" kwa upole sana, akaleta mfuko wa maharage, akasema amekuja kumwona shemeji yake tu. Akapewa chumba cha wageni. Siku zikapita, haondoki. Alikaa uani kwenye kigoda akisikiliza. Na Mama Mwenye Nyumba, akiwa vitani, alikuwa na sauti. "Wazungukeni! Huyo asitoke! Choma, choma yote!" Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia anachotaka kusikia.

Siku moja alinifuata bombani. "Hivi, mwanangu, huyu mama huwa anaongea na nani?"

"Na wenzake wa kwenye gemu, mzee."

"Unawajua hao wenzake? Umewahi kuwaona?"

Nilisema sijawaona. Akashukuru, akaenda. Nilibaki na ndoo inafurika nikijiuliza nimejibu nini.

Mungu hakumpa Mama mtoto, na ukoo wa mumewe haukuwahi kukubali kwamba nyumba ile ni yake. Sasa walikuwa wamepata maneno. Haikuchukua muda tukaambiwa kutakuwa na kikao Jumapili baada ya ibada, wazee wa ukoo watakuja, na mwenyekiti wa mtaa atakuwepo. Na katikati ya wiki hiyo Muuguzi alinivuta mkono, akanionyesha ng'ambo ya barabara. Kwenye benchi la muuza chai, shemeji wa Mama na Issa walikuwa wamekaa bega kwa bega. Mzee anaongea. Issa anaitikia kwa kichwa.

Tulimwambia Mama. Alikuwa anapepeta uwele. Ungo haukusimama.

"Nimewaona," akasema.

"Mama, atakuuza tena."

"Basi ataniuza."

Jumapili ile viti vya kanisa viliazimwa, ua ukajaa. Shemeji alisimama amevua kofia. Alisema kwa huzuni, na nadhani hata yeye aliiamini huzuni yake. Alisema mke wa marehemu kaka yake amechanganyikiwa. Anapiga kelele za vita peke yake. Anapigana na watu ambao hawapo na kuagiza nyumba zao zichomwe. Leo anachoma za kwenye simu, kesho je? Ukoo hauwezi kuiacha nyumba mikononi mwa mgonjwa. Unataka kumchukua, akatunzwe Kibakwe, na nyumba isimamiwe. "Wala siyo maneno yangu tu," akamalizia. "Yupo kijana humuhumu ndani ambaye mama huyu alimshambulia akiwa mahututi kitandani. Aseme mwenyewe."

Issa alisimama. Suruali ilimpwaya. Mama alikuwa amekaa mbele, mikono mapajani, hamtazami mtu. Nilimshika Muuguzi mkono, au yeye ndiye aliyenishika.

"Ni kweli," Issa akasema. "Alinishambulia nikiwa hospitali."

Wazee wakanung'unika. Shemeji akaitikia kwa kichwa.

"Nilikuwa nimemsaliti," Issa akaendelea. "Nilikuwa napeleka siri zake kwa adui. Alinigundua akiwa anaosha vyombo, bila kumuuliza mtu. Mtu aliyechanganyikiwa hamjui adui yake, mwenyekiti. Na aliponigundua nilikuwa naumwa. Akanipeleka hospitali kwa bajaji. Mkono huu alinichomea mji wangu wote, na mkono huu alinishikia dripu. Mimi nimesomea ualimu, lakini sijawahi kuona mtu anayetenganisha kama yeye. Kule ni kule, hapa ni hapa." Akamgeukia shemeji. "Mzee ameniomba niseme ni mwendawazimu. Ameniahidi nitakuwa msimamizi wa nyumba hii. Nimekataa, samahani mzee. Nilishawahi kupewa jeshi na mtu."

Mwenyekiti wa mtaa alijikuna kidevu, akamgeukia Mama.

"Mama, nikuulize tu. Unafahamu kwamba vita vile si vya kweli?"

"Nafahamu, mwenyekiti," akajibu. "Wewe je, unafahamu kwamba hivi vya hapa ni vya kweli?"

Mwenyekiti alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema yeye haoni mgonjwa, na kama ukoo una madai ya nyumba, mahakama zipo, ila kwa njia ya kumwita mtu kichaa yeye hatatia mkono wake. Wazee walikunywa chai wakaondoka. Shemeji hakunywa. Alipanda gari la Mpwapwa jioni ileile.

Mama alibaki amekaa mahali pale mpaka viti vyote vikarudishwa. Kisha akaingia jikoni, akasonga ugali, akauweka kwenye sinia moja. "Issa," akaita. "Njoo ule, unapoa." Walikula pamoja.

Mwaka uliofuata ajira ilitoka, Issa akapangiwa shule na kuondoka. Muuguzi aliolewa. Nami nikajenga vyumba vyangu viwili nje ya mji, nikahama. Unajiambia utapita kusalimia, halafu kazi, halafu mvua, halafu mwaka umeisha.

Mara ya mwisho nilimwona hivi karibuni. Nilikwenda Chang'ombe kuchukua gauni kwa fundi, nikaona nisipite bila kubisha hodi. Mama alikuwa amezeeka, mgongo umeanza kuinama, lakini mabega yalikuwa yaleyale.

"Wizara! Umenenepa. Pita, ila ongea polepole, nina mgonjwa."

Kwenye chumba cha wageni, juu ya mito, alilala mzee mrefu, mdomo umevutwa upande mmoja, mkono wa kushoto umekufa. Nilichukua muda kumtambua. Hakuwa na koti.

Nilimvuta Mama mlangoni. "Mama, si ndiye huyu?"

"Ndiye. Kiharusi. Watoto wake walimwacha hospitali, kila mmoja anasema nyumba yake ndogo. Nikakodi gari."

"Kwa hiyo umemsamehe?"

Alinitazama kama nimemuuliza swali la kijinga. "Nani kakwambia? Kusamehe ni kitu kingine. Huu ni uji."

Akakaa kitandani na bakuli, akaanza kumnywesha. Hakuwa mpole. Alimfuta kidevu kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, na alimwambia ameze kwa sauti ileile aliyokuwa akituambia tusogeze majeshi. Mzee alimeza. Nilikuwa bado nimesimama mlangoni simu ya Mama ilipolia juu ya kabati, mara moja, mara mbili, mfululizo. Mama alinyoosha shingo, akasoma kwa mbali, uso ukabadilika.

"Nishikie bakuli," akasema, akanyakua simu na miwani, akatoka.

Nikakaa pale alipokuwa amekaa. Huko uani sauti yake ilikuwa imeshapanda, anawaita watu wa Mwanza, anamwuliza mtu alikuwa wapi. Nikachota kijiko. Mzee hakufungua mdomo. Alikuwa amegeuza kichwa kuelekea mlangoni, anasikiliza, jicho lake zima limekaza. Kisha akanitazama, akahangaika na ulimi wake mzito mpaka maneno yakatoka.

"Leo," akauliza, "nani anatushambulia?"